Wanandoa Wakristo, Valentine Siyo Dhambi: Dhambi Ni Huo Ukimya Wenu

Leo sikuja na stori ya nani kaachana na nani, ingawa umbea kidogo utakuwepo, msikimbie. Leo nimekuja nimekasirika, na mtanisamehe nikimgusa mtu.

Kila mwaka Februari ikianza tu, mtandaoni yanatokea makundi mawili, na yote mawili yananichosha.

Kundi la kwanza ni la watumishi. Kuna mmoja maarufu sana, jina kapuni, kipande chake cha video kinazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kila mwaka kama kalenda. Anafundisha kwa jasho na leso mkononi kwamba Mkristo akimpa mke wake ua tarehe 14, ameshafungua mlango kwa mapepo. Na wanaume wa Kikristo wanavyoipenda hiyo video jamani! Wanaituma wenyewe kwa wake zao, bila hata salamu. Video ya kuchangia ujenzi hawaitumi, hiyo wanaituma.

Kundi la pili ni letu sisi wa kupendeza. Nguo nyekundu, keki ya moyo, puto kitanda kizima, na maneno marefu chini ya picha. Staa mmoja wa hapa mjini, naye jina kapuni, aliposti zawadi ya mke wake mpaka wanawake wa mji mzima wakawanunia waume zao siku tatu. Haikuisha hata Kwaresima, wawili hao wakawa wanatupiana vijembe kwenye kurasa zile zile. Sisi tuliolaiki maua tukawa wa kwanza kulaiki vijembe.

Sasa kabla hujasema mimi najifanya mjuaji, ngoja nikuambie na mimi nilikuwa wapi.

Nimeolewa mwaka 2011, ndoa ya kanisani, Katoliki. Mume wangu ni mtu mzuri, nianze na hilo. Ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, hanywi, hanipigi, ada za watoto analipa kabla hajakumbushwa. Lakini kuongea? Weee. Kuniambia neno zuri ilikuwa kama kumwomba mtu figo. Ukimuuliza unanipenda, anakujibu, "Unga si upo?"

Valentine ndiyo ilikuwa haitajwi kabisa. Ni ya kipagani, basi, mjadala umefungwa.

Ikaja 2018. Kama mnakumbuka, mwaka ule tarehe 14 Februari iliangukia Jumatano ya Majivu. Baba watoto akapata silaha mpya. Nilipomdokeza kwamba hata chakula kidogo tu jioni, akanitazama na majivu yake kwenye paji la uso, akasema, "Mama watoto, leo ni siku ya toba na wewe unawaza maua?" Akaenda kazini.

Mimi huku simu inawaka. Fulani kapelekwa mtoko, fulani kanunuliwa saa, shoga yangu niliyemzidi kila kitu tangu sekondari kaletewa maua mpaka ofisini. Nikavaa, nikapanda bajaji, nikajinunulia maua mwenyewe. Rozi kumi, hela ya kusukia. Nikayapanga mezani, nikapiga picha, nikaandika: Asante sana mume wangu, Mungu akutunze. Nikaposti.

Laiki zikamiminika. Komenti zikawa "kapo ya mfano", "mume mcha Mungu ndiyo huyu". Nikajisikia vizuri kwa kama saa mbili.

Kilichoniumbua ni mtoto. Binti yetu alikuwa na miaka sita. Aliyaona maua, akauliza, "Mama, baba amekuletea?" Nikasema ndiyo. Jioni alipolisikia geti, akakimbia mbio kumpokea baba yake, akamkumbatia miguu, akamwambia, "Baba, asante kwa maua ya mama."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Natamani nisingeiona sura ya yule mwanaume. Alimbeba mtoto, akaingia ndani, akayaona maua, hakusema kitu mbele ya mtoto. Usiku, taa imezimwa, ndiyo akaongea.

"Kwa hiyo umejitengenezea mume mwingine huko mtandaoni. Huyo ananizidi nini?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Anaongea."

Wadau, hatukusemeshana siku mbili. Na katika siku hizo mbili ndipo nilipogundua kwamba nyumba yetu ilikuwa na waongo wawili. Mimi niliudanganya ulimwengu, nikamdanganya na mtoto. Yeye alijidanganya mwenyewe kwamba kunyamaza ni utakatifu. Kilichoniuma zaidi ni hiki: Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu ni ile ile kila mwaka, Mathayo sura ya 6. Inahusu watu wanaofanya mambo ya Mungu ili waonekane na watu. Niliisikia asubuhi kwa masikio yangu haya, na mchana nikaposti maua.

Basi naomba niongee na makundi yote mawili, moja baada ya jingine.

Nianze na nyinyi kina baba wa "ni ya kipagani".

Mnasema siku hii imetokana na sikukuu ya Warumi, ile Lupercalia. Sikukuu ile ilikuwa tarehe 15 Februari, siyo 14, na Papa Gelasio wa kwanza aliipiga vita mwishoni mwa karne ya 5. Mambo ya wapenzi kuihusisha tarehe 14 na mahaba yanaonekana wazi kwenye maandishi karne nyingi baadaye, Uingereza, karne ya 14, kwa mshairi Geoffrey Chaucer aliyeandika habari za ndege kuchagua wenza wao siku ya Mtakatifu Valentino. Ndege, baba. Siyo mapepo.

Halafu hata kama kungekuwa na asili ya kipagani, mwezi wa Januari umeitwa kwa jina la Janus, mungu wa Warumi. Mbona mshahara wa Januari mnaupokea? Tena unasubiriwa kwa machozi.

Mume wangu alinipa na hoja nyingine ya kisomi, kwamba hata Kanisa lenyewe lilimwondoa Valentino. Nikaenda kusoma. Ni kweli mwaka 1969 Kanisa Katoliki lilipopanga upya kalenda yake, kumbukumbu ya Valentino iliondolewa kwenye kalenda ya jumla. Sababu ni kwamba habari za uhakika juu yake ni chache mno: jina lake, na kwamba alizikwa kando ya barabara ya Via Flaminia huko Roma tarehe 14 Februari. Lakini hakuvuliwa utakatifu. Bado yumo kwenye orodha ya mashahidi wa Kanisa.

Na sasa sikilizeni nilichokutana nacho, maana ndicho kilichofunga mdomo wa katibu wa jumuiya. Tarehe 14 Februari siku hizi kwenye kalenda hiyo ni ya nani? Ni ya Sirili na Metodi, ndugu wawili wa tumbo moja kutoka Thesalonike. Mwaka 863 walikwenda Moravia, upande ambao leo ni Ucheki na Slovakia, kuwahubiria Waslavi. Badala ya kuwahubiria kwa lugha ya wakubwa, Sirili akatunga alfabeti, wakatafsiri Maandiko na ibada kwa lugha ambayo watu wale walikuwa wakiitumia majumbani mwao. Wakapigwa vita na wale walioshikilia kwamba Mungu anaabudiwa kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini tu. Sirili alifariki Roma tarehe 14 Februari mwaka 869, ndiyo maana wanakumbukwa siku hiyo.

Umenielewa? Kanisa lenyewe tarehe 14 linawaadhimisha watu waliokubali kutukanwa ili tu wengine waambiwe wanapendwa na Mungu kwa lugha wanayoielewa. Na wewe baba hapo, mke wako unaongea naye kwa lugha ya unga, bili ya luku na ada. Ni lugha nzuri, siidharau, kuna wenzetu hata hiyo hawaipati. Lakini siyo lugha pekee anayoielewa. Ulipokuwa unamtongoza uliongea Kiswahili fasaha. Kimeenda wapi?

Hoja yenu nyingine: upendo ni kila siku. Sawa kabisa. Sasa niambie, jana ulimwambia nini? Juzi? Tunamshukuru Mungu kila siku lakini Krismasi tunaila. Somo wa jumuiya anatuombea kila siku, lakini sikukuu yake ikifika tunachangishana na sare tunashona. Siku maalumu haifuti siku nyingine, inamkumbusha msahaulifu. Na wasahaulifu mko wengi.

Tena Mtume Paulo, kwenye Waefeso sura ya 5, aliwaagiza waume wawapende wake zao kwa kipimo cha Kristo aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa. Nyinyi mnaukumbuka mstari wa wake kutii tu, huo unaofuata mnaupita kama daladala iliyojaa.

Nirudi kwa mume wangu. Alinitetea ukimya wake hivi: baba yake hakuwahi kumwambia mama yake maneno hayo, na ndoa yao ilidumu zaidi ya miaka arobaini mpaka mzee alipofariki. Nikamuuliza, "Mama mwenyewe uliwahi kumuuliza?" Akanyamaza.

Krismasi ya mwaka huo tulikwenda kwao Mbinga. Jioni moja tuko jikoni, mama mkwe anachambua maharage, baba watoto akaingia akakaa kwenye kigoda, akamuuliza mama yake kama baba aliwahi kumwambia anampenda. Mama akacheka sana, akasema mambo gani hayo ya kizungu mwanangu. Kisha akaendelea kuchambua. Baadaye, bila kuinua macho, akasema, "Nilizoea."

Neno moja tu. Mwanaume alitoka nje akakaa huko mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo sijamsikia tena akitaja miaka arobaini.

Kina baba, huko ndiko mnakotupeleka. Mnaona mke hasemi, mnadhani ameridhika. Amezoea. Na binti yako anayekuangalia hapo sebuleni naye anajifunza kuzoea. Kesho akitokea kijana mmoja mwenye maneno matamu mawili tu, atambeba kama kifaranga, kwa sababu nyumbani hajawahi kuyasikia, hajui bei yake.

Haya, sasa zamu yetu, kina mama na kina dada. Msijifanye hamnioni.

Tumeifanya siku hii kuwa mtihani wa mwanaume na simu ndiyo msimamizi. Hatuulizi ananipenda, tunauliza ameniposti? Kuna mwenzetu kakopa kwenye kikoba ili mume aonekane kanunua. Kuna aliyemkopesha mume hela ya kumnunulia yeye mwenyewe zawadi. Mimi nilijinunulia rozi kumi, kwa hiyo simcheki mtu. Lakini tuambiane ukweli: picha ile ilikuwa inamwambia nani? Siyo mume wangu, maana alijua ni uongo. Ilikuwa inamwambia shoga yangu wa sekondari.

Na kuna hili dogo linaloniuma. Unaposti keki ya moyo, maneno ya Wakorintho ya kwanza sura ya 13 chini yake, kumbe dada wa kazi aliyeipiga hiyo picha hajalipwa mwezi wa pili. Upendo gani huo unaoishia kwenye kona ya meza iliyoingia kwenye picha?

Na nyinyi kina kaka mnaojiita waaminifu lakini tarehe 13 mna "kikao cha dharura", tunajua. Mchepuko anakula chakula cha tarehe 13, nyumba kubwa inapewa kilichobaki tarehe 14. Kwenu sina hoja ya historia, nendeni mkaungame.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo Mkristo asherehekee au asisherehekee? Nasema asherehekee. Tena familia nzima, watoto wakiona. Lakini afanye kama ile Injili ya Majivu inavyotaka: mlango umefungwa.

Kwetu sisi haikuwa muujiza wa siku moja. Mwaka 2019 baba watoto alinipa kadi ameandika jina lake tu, kama mtu anayesaini mahudhurio. Tulicheka mpaka tukalia. Mwaka uliofuata aliandika mistari miwili. Taratibu tukaweka utaratibu wetu, na hauna gharama. Tarehe 14 tunakula wote mezani, simu zote kwenye kapu juu ya friji. Kila mtu anamwambia kila mtu jambo moja la kushukuru na jambo moja la kuomba msamaha. Hata watoto. Hata dada anayetusaidia kazi, naye anakaa na sahani yake, siyo jikoni. Tunasali, basi.

Ikaja 2024, na tarehe 14 ikaangukia tena Jumatano ya Majivu. Shoga zangu wakanitania, mwaka huu Valentine yako imekufa, maana ni siku ya kufunga na nyama hailiwi. Tulikwenda Misa ya asubuhi wote, jioni tukakutana mezani watu watano tukiwa na majivu kwenye paji la uso. Chakula kilikuwa wali na maharage. Hakuna ua hata moja.

Zamu ya baba watoto ilipofika, alikaa kimya mpaka nikadhani ameturudisha 2018. Kisha akaniita jina langu la ubatizo. Siyo mama watoto. Akasema:

"Mwaka 2020 nilipopoteza kazi, ulikuwa unaamka usiku unaniwekea nauli kwenye mfuko wa suruali, ili asubuhi nisikuombe mbele ya watoto. Ulidhani nimelala. Nilikuwa naona. Sijawahi kukushukuru. Naomba unisamehe."

Binti yetu, yule aliyeshukuru kwa maua, alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa anamwangalia baba yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha zamu yangu ikafika, na mimi nikamwomba msamaha yeye, mwanangu, kwa uongo wa rozi kumi. Akaniambia, "Mama, nilishajua zamani." Watoto hawa jamani!

Sikupiga picha. Sina ushahidi wowote wa siku ile, na ndiyo Valentine pekee ambayo nina uhakika ilikuwepo.

Najua kuna mtu anasema, mbona sasa umetuanikia hapa? Haki yako. Baba watoto ameisoma hii kabla hujaisoma wewe. Ameniambia niondoe sehemu moja, nimeiondoa. Hiyo ni yetu.

Jumatano ya Majivu na Valentine zitakutana tena mwaka 2029. Lakini usisubiri huko. Mtumishi wa kwenye video atakuambia ua ni mlango wa mapepo. Mimi nakuambia nyumba nyingi za Kikristo hazina ua hata moja na bado mapepo yamejaa: ya kununiana, ya kulala mzungu wa nne, ya watoto wanaosikia baba na mama wakigombana lakini hawajawahi kuwasikia wakiombana radhi.

Kwa hiyo leo jioni, mwanaume, kabla hujamtumia mkeo ile video, mwambie kitu kimoja alichokufanyia ambacho alidhani hukukiona. Na wewe dada, akianza kukuambia, tafadhali, weka simu chini. Usimrekodi.